Fahamu: Kisu cha Tabibu na Ini Lenye Makovu

Ini lililosheheni mafuta aghalabu halimuumi mwenyewe, na kwa sababu hiyo maradhi haya mara nyingine hugunduliwa wakati nyama yake laini imekwisha geuka makovu magumu, hali iitwayo sirosisi, ambayo matabibu kwa muda mrefu waliona ni hatari kumpasua aliye nayo, wakichelea kutokwa damu na vidonda kukawia kupona.

Hofu hiyo sasa imepungua. Mwezi wa Januari 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, juu ya watu 168 wenye unene wa kupindukia na sirosisi ambayo ilikuwa haijawajaza maji tumboni. Miongoni mwa 62 waliopasuliwa ili kupunguza uzito, waliokadiriwa kufikwa na madhara makubwa ya ini katika miaka 15 walikuwa asilimia 20.9, miongoni mwa 106 wasiopasuliwa, asilimia 46.4. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, basi ushahidi huu si wa kukata shauri. Lakini tofauti kubwa namna hii, kwa maradhi yenye dawa chache, yastahili kuzingatiwa.

Katika njia moja mashuhuri ya upasuaji huu, daktari huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo, akabakiza mrija mwembamba mithili ya ndizi. Mgonjwa hushiba upesi, homoni za utumbo hubadilika, sukari hushuka, na mafuta huanza kulihama ini. Vitamini atazimeza maisha yake yote. Ama yule ambaye ini limekwisha shindwa kabisa, huyo hupelekwa kwa mabingwa wa kupandikiza ini.