Je, Wajua? Mtunzi wa Uganda aliyeandikia fidla sauti za Buganda
Justinian Tamusuza, mtunzi aliyezaliwa Uganda mwaka 1951, ni miongoni mwa Waafrika Mashariki wachache ambao kazi zao za muziki wa kitaaluma, yaani muziki unaoandikwa kwa nota ili upigwe na wengine, zimesikika katika kumbi kubwa za dunia. Alisomea utunzi Belfast, ambako mtunzi Kevin Volans alikuwa mmoja wa walimu wake, kisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Kazi yake iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, iliyoandikwa kwa fidla mbili, viola na chelo, ilirekodiwa na kundi la Kronos Quartet katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Katika kazi hiyo Tamusuza hakuiga Ulaya, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo: vyombo vya Kizungu vinabeba mpangilio wa amadinda, marimba ya Buganda ambayo wapigaji wake hupishana mapigo hadi wimbo mmoja uzaliwe kati yao.