Baba Mwenye Miguu Kumi

Mto Rwizi ukishapita mjini Mbarara, Uganda, huingia kwenye vinamasi na maziwa madogo, Mburo na Nakivale yakiwemo. Tangu mwaka 2006 maji hayo yamo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazolindwa.

Palipo na yungiyungi, tazama vizuri. Kuna ndege wa rangi ya hudhurungi, paji lake la buluu, anayetembea juu ya majani yanayoelea. Ni jakana. Vidole vyake virefu mno husambaza uzito wake, jani lisizame.

Jike ni mkubwa kuliko dume, uzito wake ukizidi kwa zaidi ya nusu, na yeye ndiye mwenye eneo. Humtagia dume mmoja mayai, kwa kawaida manne, kisha huenda kwa dume mwingine. Kwetu wazee wangeitisha kikao! Kwa jakana hakuna kesi: mama hufukuza majike wengine, baba huatamia kwa siku 24 hivi.

Kiota chenyewe hakina sifa, ni rundo tu la majani mabichi yaliyolowa. Ndiyo maana dume huyabana mayai kati ya mbawa na ubavu, yasiguse maji. Mfupa mmoja wa bawa lake umetandazika ukawa bapa, na wapo wataalamu wanaodhani kwamba ndio unaomsaidia kubana.

Vifaranga huanguliwa wakiwa tayari kutembea na kujitafutia wadudu. Baba halishi, yeye huongoza, hufunika na huonya. Hatari ikitokea huchuchumaa, huwaita, huwafumbata chini ya mbawa na kuondoka nao. Miguu yao mirefu huning'inia ubavuni, na mtu asiyejua ataapa kwamba ameona ndege mwenye miguu kumi. Kifaranga aliyekosa kubebwa hujizamisha, akaacha ncha ya mdomo tu juu ya maji.

Baba wa namna hii hayuko peke yake majini. Kamongo dume, samaki mwenye mapafu, hukaa kwenye kiota akilinda mayai na hata watoto waliokwisha kuanguliwa, ilhali jike ameshakwenda zake.

Lakini kwa nini jakana wapange maisha hivi? Maelezo yanayonishawishi yanaanzia kwenye kile kiota kibovu. Kiboko akipita, kimekwisha. Maji yakipanda, kimezama. Mayai hupotea mara nyingi sana, na kwa kuwa kifaranga hahitaji kulishwa, mzazi mmoja anatosha kulea. Jike asiyefungwa na kuatamia hubaki na nguvu ya kutaga upya, na dume aliyepoteza mayai yake anaweza kutagiwa mengine baada ya siku chache tu.