Rejista ya Shule Imsemee Mwanafunzi

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata gredi ya C+ na zaidi, kiwango cha chini cha kusomea shahada. KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, hutazama gredi, alama za masomo yanayohitajika katika kozi na chaguo la mwombaji. Haliulizi alikosa darasa siku ngapi. Wapo wanaoona huo ni upungufu: mtoto aliyefika shuleni kila siku kwa miaka minne ameonyesha bidii, na bidii haionekani yote kwenye mtihani. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitufai kwa jinsi rejista zetu zilivyo. Mwalimu wa darasa huita majina asubuhi, akatia alama ya aliyepo na ya asiyekuwepo, basi. Aliyetoroka, aliyelazwa hospitalini na aliyerudishwa nyumbani kuleta karo hupata alama ile ile. Kuigeuza alama hiyo kuwa pointi za kuingilia chuo ni kumwadhibu mtoto kwa ufukara wa mzazi wake.

Tazama mtaa wa Spring Valley jijini Nairobi na viunga vyake. Kandokando ya barabara za Lower Kabete na Peponi, zipo shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa Uingereza. Mwanafunzi wa shule kama hizo akiomba chuo Marekani, mshauri wa shule humwandikia ripoti. Ikiwa aliugua muhula mzima, ripoti itaeleza. Kilomita chache kutoka hapo, Kangemi, mwenzake wa shule ya kutwa anaweza kukosa siku hizo hizo asipate hata sentensi moja ya kumtetea.

Nitaambiwa kwamba maadamu mahudhurio hayahesabiwi, hakuna aliyeumia. Sivyo. Katika mtaala mpya, nafasi ya Gredi ya 10 huamuliwa kwa asilimia 60 ya KJSEA (mtihani wa Gredi ya 9), asilimia 20 ya KPSEA (mtihani wa Gredi ya 6) na asilimia 20 ya tathmini zinazofanywa shuleni. Aliye nyumbani siku ya tathmini, na asipewe nafasi ya kuirudia, huachwa nyuma. Na sekondari ya juu anayopangiwa, pamoja na masomo inayofundisha, ndiyo njia yake ya chuoni. Mahudhurio yameshaingia kwenye hesabu kimyakimya.

Walimu watalalamika, na wana haki, kwamba darasa la wanafunzi 60 halina muda wa maelezo. Herufi moja kando ya alama yatosha: ugonjwa, karo, utoro. Wazazi wengine watadanganya, ndiyo, ila kuhusu karo shule haihitaji kuambiwa, kwani ndiyo iliyomtuma mtoto nyumbani. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kabla ya hapo, Wizara ya Elimu iagize kila shule iandike sababu ya kukosa darasa, na impe kila mtoto aliyekosa tathmini kwa ajili ya karo nafasi ya kuifanya.