Daftari la Msomaji na Mtazamaji

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwaonya wafanyabiashara, lakini inatuhusu pia sisi tunaofundisha na kujifunza lugha, kwa sababu vitabu tunavyosoma, filamu tunazotazama na michezo ya kuigiza tunayohudhuria ni mali vilevile. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuiwekea mali hiyo daftari, na kwa nini jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda.

Mwanafunzi wa Tanga au Mombasa amezungukwa na Kiswahili kuanzia sokoni hadi nyumbani. Mwanafunzi wetu hukipata kwa kuokotaokota: riwaya aliyoazimwa kwa wiki moja, filamu aliyoiona kwenye simu ya mwenzake, mchezo ulioigizwa jioni moja tu. Asipoandika, akifika mwaka wa tatu hubakiwa na majina ya wahusika na muhtasari alioupata katika mwongozo. Huyo ndiye tunayemtuma kufundisha. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kazi hiyo inahitaji mwalimu aliyesoma vitabu vyenyewe na anayeweza kusema alichokiona ndani yake.

Je, tuandike nini? Tuanze na kitabu. Andika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka wa toleo ulilolishika mkononi, na tarehe ulizoanza na kumaliza kusoma. Ikiwa ni tafsiri, andika mfasiri. Mambo haya si urembo. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1963, kisha akatoa toleo alilolisahihisha mwaka 1969. Anayeandika "tafsiri ya Nyerere" bila mwaka hajatuambia alisoma ipi. Andika pia lugha uliyosomea. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1969 na kwa Kiingereza, kwa mkono wa mwandishi mwenyewe, mwaka 1970. Wapo wanaoijua kwa Kiingereza tu, na daftari litawakumbusha kwamba bado wanaidai ile ya Kiswahili.

Kwa filamu, ongeza jina la mwelekezi, lugha zinazosemwa na wahusika, na kama kuna maandishi ya tafsiri chini ya picha. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Katika vibanda vya video vya Kampala filamu nyingi huambatana na sauti ya VJ anayeifasiri kwa Kiluganda huku akitia maneno na mizaha yake. Aliyeitazama hivyo ameona kazi ya watu wawili, kwa hiyo aandike na jina la VJ huyo.

Mchezo wa kuigiza ndio unaohitaji daftari kuliko vyote. Kitabu utakirudia na filamu utaitafuta, lakini onyesho likiisha limekwisha. Ukitoka katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, lililofunguliwa mwaka 1959, au katika ukumbi wa shule ya kijijini, andika usiku uleule: kikundi gani, nani aliigiza nafasi ipi, jukwaa na maleba yalikuwaje, na watazamaji walicheka au kunyamaza wapi. Huenda ukurasa wako ukawa kumbukumbu pekee ya onyesho hilo.

Baada ya taarifa hizo, sentensi chache zinatosha: kinachotokea, jambo moja lililobaki moyoni, na swali moja. Mwishoni weka maneno matatu mapya pamoja na sentensi ulizoyakuta ndani yake, kwani neno likiondolewa katika sentensi hupoteza nusu ya maana yake. Tutoe mfano:

Vuta N'kuvute. Riwaya. Adam Shafi. Mkuki na Nyota, 1999. Nakala ya maktaba. Machi 3 hadi 19. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima, anaikimbia ndoa hiyo. Baadaye anakutana na Denge, mpinga ukoloni. Kilichobaki: uhuru wa mtu na uhuru wa nchi vinatafutwa pamoja. Swali: filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imechukua nini na kuacha nini?

Ndugu msomaji, swali hilo la mwisho linaweza kuzaa tasnifu. Mada nyingi nzuri huanzia katika mistari kama hiyo, wala si katika kukaa na kuwaza "niandike nini?" wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Tunashauri daftari liandikwe kwa Kiswahili hata kama mchezo ulikuwa wa Kiluganda au filamu ya Kihindi. Hapo ndipo mwanafunzi atalazimika kutafuta neno la kueleza pazia, mwanga, ukimya au hasira, na neno alilolitafuta mwenyewe halimtoki. Daftari la karatasi linafaa, na simu inafaa pia, mradi uwe na nakala mahali pengine.

Walimu wenzetu, tuna ombi moja. Tusilitolee alama daftari hili. Likitolewa alama, wanafunzi watanakili muhtasari kutoka intaneti na kurasa zitajaa vitabu ambavyo hawakuvifungua. Badala yake tutenge dakika kumi kwa juma, mwanafunzi mmoja asome ukurasa wake na wenzake wamuulize maswali. Aliyekiacha kitabu katikati naye aandike alipokiachia na sababu yake; ukurasa huo wa kweli utatufundisha zaidi kuliko sifa za kunakili.

Anza na kitabu ulicho nacho sasa. Haba na haba hujaza kibaba.