Websoketi: Jinsi ya kumpasha abiria wa Likoni habari za feri papo hapo

ABIRIA anayetoka Likoni kwenda kisiwani asubuhi hutaka kujua jambo moja kabla ya kufunga mlango: feri ngapi zinavusha watu?

Tuseme kijana wa huko mwenye ujuzi wa programu ameamua kuunda tovuti ya kujibu swali hilo. Kizuizi cha kwanza ni itifaki ya HTTP, ambapo simu huuliza, seva hujibu, na mazungumzo huishia hapo. Feri ikiharibika dakika moja baadaye, seva haina njia ya kumwambia abiria.

Wengi huifanya simu iulize kila baada ya sekunde tano. Hata hivyo, simu 1,000 zikifanya hivyo, seva itapokea maswali 12,000 kwa dakika, karibu yote yakiwa na jibu lile lile. Gharama ya data inamwangukia abiria.

Websoketi, iliyochapishwa rasmi Desemba 2011 kama RFC 6455, hufuata njia nyingine. Simu hubisha hodi kwa HTTP ikiomba kubadilisha itifaki. Seva ikikubali hujibu kwa nambari 101. Kuanzia hapo laini hubaki wazi, na kila upande unaweza kusema wakati wowote.

Kwa anayetumia FastAPI, mfumo wa lugha ya Python uliotolewa 2018, mwanzo ni mwepesi. Hutangaza anwani, mathalan /kivuko, kisha huandika amri ya accept, ambayo ndiyo "karibu" ya mwenye nyumba. Kila laini iliyokaribishwa huwekwa kwenye orodha. Mtu aliye kivukoni akiarifu kwamba feri imesitishwa, programu huipitia orodha na kuwatumia wote ujumbe kwa send_text. Aliyeondoka hufutwa. (Seva ya Uvicorn isipowekewa maktaba ya websoketi, hakuna laini itakayofunguka, wanagenzi wengi hukwama hapa.)

Kazi ngumu huja baadaye. Simu ikipoteza mawimbi haiagi. Ukurasa unaweza kuendelea kuonyesha "feri tatu" za nusu saa iliyopita huku mgonjwa akikimbizwa Hospitali Kuu ya Pwani, ng'ambo ya maji. Heri ukurasa mtupu kuliko huo.

Uvicorn hupima uhai wa laini kila sekunde 20, lakini programu ya ukurasa haivioni vipimo hivyo. Kwa hivyo seva itume ujumbe mfupi wenye saa, tuseme kila sekunde 15. Ukurasa ukikaa sekunde 40 bila kuupata, ufute idadi ya feri, uonyeshe saa ya habari ya mwisho, na ujaribu kuunganika upya.

Majaribio hayo yapishane kwa muda wa kubahatisha, la sivyo seva ikizimwa na kuwashwa, simu zote zitaivamia kama umati lango la feri linapofunguliwa. Isitoshe, websoketi haihifadhi ujumbe uliopotea. Kila anayerejea atumiwe kwanza hali nzima ya kivuko ilivyo wakati huo.