Kimiminika cha spini na uga

Mfasiri akutanapo na istilahi *kimiminika cha spini*, asidhani pana kitu cha kumimina. Kitu chenyewe ni fuwele ngumu. Kinachokataa kuganda ni mpangilio wa spini za elektroni zake.

Mfano wa kinyume uko Arusha. Lava ya Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, ina chembe za magnetiti. Lava ilipopoa, usumaku wa chembe hizo ulijipanga, na jiwe likahifadhi mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia. Katika kimiminika cha spini mpangilio wa namna hiyo haupatikani hata karibu na sifuri kamili ya jotoridi. Wazo hili lilitolewa na Philip Anderson mwaka 1973.

Uga wa sumaku ukizidi mno, hulazimisha spini zote zielekee upande mmoja, na hali hiyo hutoweka. Lakini katika aina moja ya kloridi ya ruteniamu, uga wa tesla 7 hadi 8 huvunja mpangilio uliojengeka chini ya kelvini 7. Iwapo kinachobaki ni kimiminika halisi, wanafizikia wangali wanabishana. (Uga wa dunia hapa Arusha ni dhaifu kuliko huo zaidi ya mara laki mbili.) Uga wa umeme hauendeshi mkondo, kwa kuwa elektroni zimefungika kwenye atomi zake, hata hivyo husogeza chaji kidogo, na hivyo hubadili mwingiliano wa spini jirani.

Kimatumizi: *uga*, wingi *nyuga*. *Uwanja wa sumaku* nao huandikwa, ila darasani huleta picha ya mpira. *Giligili* isitumike hapa, kwani hujumuisha na gesi.