Kobe chini ya barafu na thamani ya dakika moja

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu ina sura zenye majina ya nyuki, chungu na buibui, ili wenye akili wazingatie. Ijumaa hii tumzingatie kiumbe mwingine: kobe wa majini wa Amerika ya Kaskazini, aitwaye kitaalamu Chrysemys picta.

Kobe huyu hupumua kwa mapafu kama sisi. Lakini majira ya baridi maji ya mabwawa huganda juu, naye hubaki chini ya barafu kwa miezi. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani, Gordon Ultsch na Donald Jackson, walieleza jinsi kobe hawa walivyoishi zaidi ya miezi 3 katika maji ya nyuzi 3 za Selsiasi yaliyokaribia kukosa oksijeni kabisa.

Siri yake iko ndani ya chembe hai. Kila chembe ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, na pampu hizo hula nishati. Kwetu sisi, oksijeni ikikatika, pampu husimama, kalsiamu hufurika ndani, na chembe hufa. Kobe hufunga baadhi ya vilango vya chembe zake ili pampu zipate nafuu, na moyo wake hupiga chini ya mara moja kwa dakika. Matumizi yake ya nishati hushuka hadi takriban asilimia 10 ya yale ya kobe mwenye oksijeni katika baridi ile ile.

Nishati hiyo kidogo huipata kwa kuvunja akiba ya sukari iliyomo mwilini. Kazi hiyo huzalisha asidi ya laktiki, ambayo ingemwangamiza. Hapo gamba lake hutoa madini ya kuituliza asidi hiyo, na gamba pamoja na mifupa huhifadhi karibu nusu ya laktiki hadi hewa irudi. Kumbe ngao ile humkinga na adui wa nje na wa ndani pia!

Subhanallah! Lakini tusiishie kustaajabu. Sisi hatukupewa uwezo huo. Ubongo wetu ukikosa oksijeni, chembe zake huanza kufa baada ya dakika chache. Hata hivyo, wapo wanaomwacha nyumbani mgonjwa wa kiharusi, mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri, wakisema, "Tusubiri hadi asubuhi." Hiyo si subira. Mtume (SAW) ametuhimiza kutafuta tiba. Tumwombee dua mgonjwa wetu huku tukimkimbiza hospitali.

Aliyempa kobe miezi ametupa sisi dakika, na akili ya kuzitumia. Tunamwomba Allah atuwezeshe kuitunza amana hii ya uhai. Amin.